Mali bila daftari: habari za kituo cha Halley

Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi wa friji na viyoyozi hapa Mombasa, kwenye Siku ya Kimataifa ya Ozoni. Wenzetu waliokuwa kazini siku hiyo wameomba maneno yote. Haya hapa, kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu wa kike na wa kiume, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: Assalamu alaykum. Hamjambo?

Nimepewa dakika 40. Mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana ameniwekea saa hapa mbele, tena ameielekeza kwangu.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa kushika spana katika karakana moja ya mji huu. Ikaletwa friza ya muuza samaki, kompresa imekufa. Fundi wangu akaniambia, "Toa gesi." Nikamuuliza, "Niitoe niiweke wapi?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua koleo, akakata paipu mwenyewe. Fssssss. Sekunde chache, kwisha habari. Tukaendelea na kazi.

Gesi ile ilikuwa R12, gesi ya kupoza friji ya miaka ile. Haikutuumiza macho, haikutukohoza, haikushika moto. Nani angedhani tumefanya jambo? Mimi sikudhani. Wewe ungedhani?

Sasa nikuulizeni. Gesi ile ilikwenda wapi? R12 ikishatoka kwenye paipu hudumu angani miaka kama 100. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya gesi ya friza ile ya samaki bado iko juu ya vichwa vyetu leo. Muuza samaki amefariki, Mungu amrehemu. Fundi wangu naye kamfuata. Karakana imegeuka duka la simu. Gesi ipo.

Basi leo sikuja kuwafundisha kuchaji gesi. Mnajua, na wengine hapa mnanizidi. Nimekuja kuwasimulia habari za mahali ambapo watu walikaa wakiiangalia mbingu kwa miaka karibu 30, bila kujua wanachongoja, mpaka siku moja daftari lao likasema. Mahali penyewe panaitwa Halley.

Halley iko Antaktika. Chukua ramani, shuka kusini, pita Afrika yote, pita Cape Town, vuka bahari mpaka uanze kuona barafu, kisha uendelee. Iko nyuzi 75 na nusu kusini, pembeni mwa Bahari ya Weddell. Ukitoka hapo kwenda Ncha ya Kusini yenyewe, bado una kilomita kama 1,600.

Sisi hapa barafu tunaijua ya kwenye trei. Ile ya Halley ni nyingine. Ukisimama pale, chini ya miguu yako hakuna udongo wala mwamba. Kuna bamba la barafu lenye unene wa zaidi ya mita 100, linaitwa Brunt, na chini ya bamba hilo kuna bahari. Linaelea. Tena halitulii: kila mwaka linasogea mamia ya mita kuelekea baharini, na kila baada ya muda ncha yake inakatika na kwenda zake. Juu yake theluji inaanguka, inarundikana, na haiyeyuki. Kila mwaka inaongezeka zaidi ya mita moja. Baridi ya usiku mbaya inafika nyuzi 50 chini ya sifuri na kupita. Na kwa siku 105 kila mwaka jua halichomozi kabisa. Siku 105! Mtu wa Mombasa asipoliona jua siku mbili anauliza kama mwezi umeandama.

Sasa nani mwenye akili zake alikwenda kujenga pale?

Ulikuwa mwaka 1955. Wanasayansi wa dunia walikuwa wamekubaliana kufanya jambo ambalo halijapata kufanyika: kuipima dunia nzima kwa wakati mmoja, kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958. Waliuita Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ingawa ni mwaka mmoja na nusu; wanasayansi nao wana hesabu zao. Uingereza ikapeleka watu 10 watangulie. Walisafiri kwa meli ya Kinorwe ya wawindaji sili, jina lake Tottan, wakiongozwa na David Dalgliesh, daktari wa jeshi la majini. Januari 1956 wakashusha mbao na mapipa, wakaanza kupigilia misumari. Kituo kikapewa jina la Edmond Halley, yule mnajimu wa nyota yenye mkia, kwa kuwa ilikuwa imetimia miaka 300 tangu azaliwe.

Mpango ulikuwa wa muda mfupi. Pima, funga mizigo, rudi nyumbani. Hawakurudi. Kituo kikakabidhiwa taasisi ya utafiti ya Waingereza wa Antaktika, na kazi ikaendelea.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mnaopenda majengo ya kale, mnaojivunia Fort Jesus yetu na milango yetu ya Mji wa Kale. Urithi wa Halley ni wa namna nyingine kabisa, kwa sababu Halley haikubali kuhifadhiwa. Ukijenga nyumba pale, haiporomoki. Inazama. Mwaka wa kwanza theluji iko magotini. Mwaka wa pili iko madirishani. Baada ya miaka michache paa liko chini na wewe unaingia nyumbani kwako kwa ngazi, kupitia shimo, kama mtu anayeshuka kisimani.

Nyumba ya kwanza ya mbao ilidumu hadi 1968. Wakajenga ya pili, ikafukiwa. Wakajenga ya tatu, mwaka 1973, na safari hii wakafanya ujanja: kwa kuwa theluji itatuzika tu, basi tujizike wenyewe mapema, lakini ndani ya mabomba makubwa ya chuma, ya mviringo, yale ya kupitishia maji chini ya barabara. Mmeyaona hapa kwetu, makalvati. Wakaweka nyumba ndani ya makalvati. Ilifaa kwa muda. Lakini fikiria hewa. Fikiria jenereta iko chini ya theluji mita zaidi ya 10, na moshi wake lazima utafute njia ya kutoka. Nyinyi mnajua kazi ya kusukuma hewa. Mnaweza kukisia walivyohangaika. Mwaka 1984 wakaiacha.

Na hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Halley ya tatu ikabaki kule chini, gizani, imesahaulika. Lakini nimesema nini? Bamba linasogea. Mwaka 1993, watu walipokuwa wakipita kando ya ukuta wa barafu unaotazama bahari, wakaona vyuma vimechomoza katikati ya ukuta. Kalvati. Nyumba ya tatu ya Halley, iliyozikwa na kusafirishwa polepole ndani ya barafu, imefika ukingoni, inachungulia bahari. Kisha kipande kile kikakatika, kikaenda nayo.

Nyumba ya nne ikapondwa na barafu vilevile. Ya tano ndiyo waliyoiweka juu ya miguu ya chuma, wakawa wanaiinua kila mwaka. Ya sita, ambayo ndiyo ya leo, ilifunguliwa rasmi Februari 2013. Ina vyumba vinane vilivyounganishwa kama mabehewa, saba vya buluu na kimoja kikubwa chekundu katikati, kila kimoja kimesimama juu ya miguu inayopanda na kushuka, na chini ya kila mguu kuna ski, ile mbao ya kuteleza. Ikibidi, unaivuta kwa trekta. Na kwa taarifa yenu, vyumba hivyo viliundwa Afrika, kule Cape Town, na mikono ya mafundi kama nyinyi.

Ilibidi ivutwe. Ufa uliokuwa umelala miaka 35 ulianza kutembea tena mwaka 2012. Oktoba 2016 ukatokea ufa mwingine upande wa pili. Majira ya joto ya 2016 kuelekea 2017 wakafungua vyumba kimoja kimoja, wakavivuta kilomita 23 kwenda ndani, wakaviunganisha upya. Januari 2023 ule ufa wa kwanza ukamaliza safari yake, kikakatika kipande cha kilomita za mraba 1,550. Mnataka kujua ukubwa wake? Ni pungufu kidogo tu ya kisiwa cha Unguja. Unguja, pamoja na Mji Mkongwe na mikarafuu yake, ing'oke usiku mmoja ielee kwenda zake. Na mahali kilipokuwa kituo kabla ya kuvutwa, palikuwa juu ya kipande hicho.

(Mzee wangu hapa mbele ameniuliza, na pengwini je? Nao hawakupona na misukosuko. Karibu na hapo palikuwa na mojawapo ya makundi makubwa zaidi ya pengwini wa emperori duniani. Tangu 2016 barafu ya bahari walipokuwa wakilea watoto ikawa inavunjika kabla watoto hawajaota manyoya ya kuogelea. Wakubwa wengi wakahama.)

Tusisahau watu. Oktoba 1965 wanaume wanne walitoka Halley kwenda milimani, mbali na kituo. Mmoja wao, Jeremy Bailey, alikuwa na mtambo wa kupima unene wa barafu kwa mawimbi ya redio, kitu kipya wakati ule. Trekta lao likatumbukia kwenye ufa uliofunikwa na theluji. Bailey, David Wild na John Wilson walikuwa ndani. Wakafa. Wa nne, John Ross, alikuwa nyuma kwenye sleji, akanusurika. Makaburi yao ni ufa uleule. Ninapotaja daftari leo, nataka mjue kwamba kurasa zake zina watu.

Sasa tufike kwenye daftari.

Wazee wetu wenye maduka walikuwa na msemo, na naona wengine mnaumalizia kabla sijautamka: mali bila daftari... Haya. Hupotea bila habari.

Tangu mwanzo, mojawapo ya kazi za Halley ilikuwa kupima ozoni. Ozoni ni nini? Ni gesi, ndugu ya oksijeni tunayovuta, ila yenyewe ina atomu tatu badala ya mbili. Iko juu, kilomita 15, 20, 30 hivi, na kazi yake ni kuzuia mionzi mikali ya jua, ile ya urujuanimno, inayochoma ngozi na kuharibu macho. Tunasema tabaka, mtu akadhani ni dari nene. Hapana. Ungeikusanya ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako, ukaishusha hapa chini kwenye baridi ya nyuzi sifuri, ingekuwa na unene wa milimita 3. Sarafu mbili zilizopandanishwa. Hiyo ndiyo ngao yetu sote.

Chombo chao kiliitwa kwa jina la aliyekibuni Oxford miaka ya 1920, Dobson. Ni sanduku refu, zito, lenye vioo na prizimu, vile vioo vya pembe tatu, ndani. Linachukua mwanga wa jua na kulinganisha rangi mbili ambazo jicho halizioni: moja ozoni inaila sana, nyingine inaiacha ipite. Kwa tofauti ya hizo mbili unajua ozoni iko kiasi gani. Milimita 3 inaandikwa 300. Ndiyo hesabu yote.

Basi fikiria kijana wa miaka 23, ametumwa Halley kwa miaka miwili na nusu. Anatoka nje, baridi inamkata uso, analielekeza sanduku kwenye jua, anazungusha kitasa, anasoma, anarudi ndani, anaandika kwa kalamu. Kesho vilevile. Keshokutwa vilevile. Akimaliza zamu yake, anakuja mwingine, anaandika kwenye karatasi ya mfano uleule, kwa njia ileile. 1957, 1960, 1965, 1970. Hakuna kilichotokea. Tarakimu za Oktoba zinazunguka 300, 300, 300.

Niwaulize mafundi wenzangu. Ungekuwa wewe mhasibu kule London, unalipia meli, unalipia mafuta, unalipia chakula cha vijana, na kila mwaka unaletewa tarakimu ileile, ungeendelea kulipa? Sema kweli. Mimi nisingelipa.

Walilipa. Na aliyesimamia kazi hiyo kwa miaka mingi kutoka Uingereza alikuwa Joe Farman, mtu wa kiko mdomoni, mgumu, asiyetupa karatasi.

Mwaka 1977 akaajiriwa kijana, Jonathan Shanklin. Kazi aliyopewa haikuwa ya sifa: kulikuwa na marundo ya karatasi za Halley zilizoandikwa kwa mkono, ayaingize kwenye kompyuta. Miaka ile watu walianza kuogopa makopo ya kupulizia manukato na ndege ziendazo kasi kuliko sauti, wakisema zitaiharibu ozoni. Taasisi ikaandaa siku ya kuwakaribisha wananchi. Shanklin akaona ni nafasi nzuri ya kuwatuliza: atachora mstari wa ozoni ya miaka ya zamani, achore na wa mwaka ule, wananchi waone kwamba ni sawa, warudi nyumbani kwa amani.

Akachora. Haikuwa sawa.

Hebu ngojeni nirudie, maana hapa ndipo penye utamu. Alichora ili aonyeshe kwamba hakuna tatizo. Mstari ukamwambia lipo.

Kila Oktoba, majira ambayo kule jua ndiyo kwanza limerudi, ozoni ilikuwa inashuka. Kutoka karibu 300 mpaka karibu 200. Thuluthi ya ngao imekwenda. Farman alipoonyeshwa hakuamini haraka, na hapo namsifu. Alidhani sanduku ni bovu. Nyinyi mngefanya nini? Geji ikionyesha upuuzi, fundi mzuri anafanya nini kabla ya kumtoza mteja? Anabadilisha geji! Wakapeleka sanduku jingine Halley. Tarakimu zikawa zilezile. Wakatazama vipimo vya kituo chao kingine kaskazini zaidi, umbali wa kilomita zaidi ya 1,500. Nacho kinashuka, ingawa si kwa kasi ile. (Kituo hicho cha pili, kwa wapenda biashara, Waingereza waliwauzia Waukreni mwaka 1996 kwa pauni moja. Pauni moja.)

Tarehe 16 Mei 1985 Farman, Brian Gardiner na Shanklin wakachapisha matokeo yao. Kurasa chache. Dunia ikashtuka.

Mtauliza: Wamarekani si walikuwa na setilaiti? Walikuwa nayo, Nimbus 7, inapita juu ya Antaktika tangu 1978. Mtaani husemwa kwamba kompyuta ya setilaiti ilizitupa tarakimu hizo. Si kweli hasa. Hazikutupwa. Tarakimu za chini ya 180 ziliwekewa alama ya kutiliwa shaka, kwa kuwa hakuna aliyetegemea ozoni kufika huko, zikawekwa kando zingoje. Baada ya makala ya akina Farman, wakazirudia, wakachora ramani, na ndipo watu wakaona kwa macho: tundu, kubwa kuliko nchi, juu ya bara zima. Setilaiti iliona ukubwa. Lakini setilaiti ilikuwa na miaka michache tu ya kumbukumbu. Nani angeweza kusema kwamba zamani haikuwa hivi? Daftari la Halley tu, lililoanza 1957.

Sasa turudi kwetu sisi wenye koleo.

Msidhani waliobuni R12 walikuwa watu wabaya. Friji za zamani zilitumia amonia, zilitumia dioksidi ya salfa, gesi ambazo zikivuja usiku watu hawaamki asubuhi. Mwaka 1930 Mmarekani Thomas Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi mpya kifuani, akaipuliza polepole kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika, naye mzima wa afya. Haina sumu, haishiki moto: mambo mawili kwa pumzi moja. Mimi ningekuwepo ningepiga makofi.

Wema wake ndio uliokuwa ubaya wake. Gesi isiyoungana na chochote huku chini haina wa kuivunja. Si mvua, si udongo, si bahari. Inapanda mwaka hadi mwaka, mpaka inapokutana na mionzi mikali huko juu. Hapo ndipo inapasuka na kuachia klorini, na klorini inaila ozoni. Hilo wanakemia wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walilisema mwaka 1974, wakapingwa sana na wenye viwanda. Mwaka 1995 wakapewa Nobel, pamoja na Paul Crutzen.

Na kwa nini tundu litokee kule, wakati friji ziko huku? Kwa sababu gesi zetu husambaa dunia nzima, lakini kule kusini, usiku ule mrefu wa majira ya baridi, hewa ya juu hushuka chini ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Mawingu ya ajabu yanaumbika, na juu ya chembe zake klorini iliyokuwa imefungwa inafunguliwa. Hilo ni friza la Mungu, jamani. Agosti na Septemba jua likirudi, kazi ya uharibifu inaanza. Friza ya samaki ya Mombasa ilifunguliwa hapa, hesabu yake ikasomwa Halley.

Dunia ilifanya nini? Kwa mara moja tu katika maisha yangu, ilifanya haraka. Makala Mei 1985. Tarehe 16 Septemba 1987, kule Montreal, nchi zikatia saini itifaki ya kuziondoa gesi hizi. Ndiyo maana tuko hapa tarehe hii. Aliyewasukuma na kuwabembeleza wakubwa hao alikuwa Mwafrika, Mmisri Mostafa Tolba, mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako wapi? Gigiri! Nairobi! Kenya ilitia saini siku ileile ya kwanza. Na mpaka leo sekretarieti ya ozoni ya dunia nzima iko Nairobi. Barua zote za dunia kuhusu gesi unayoishika wewe zinaishia mwendo wa usiku mmoja wa basi kutoka hapa. Wangapi mlikuwa mnajua? Mikono. Mitatu. Haya.

Nchi kama zetu zilipewa hadi 2010 kuachana na R12 na wenzake. Tukahamia R22, tukahamia R134a. Kisha ikaonekana kwamba R134a haili ozoni, lakini inaongeza joto la dunia vibaya sana. Basi wakakutana tena, safari hii Kigali, wakakesha, na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016 wakakubaliana kuzipunguza nazo. Kwa hiyo ukimwona mteja ananung'unika kwa nini friji mpya ina R600a, gesi inayoshika moto, na unamwambia usilete sigara karibu, mwambie yaliamuliwa Kigali, baada ya kuonekana Halley.

Na tundu? Bado linafunguka kila mwaka majira haya. Lakini linapona. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2022 kwamba tukiendelea hivi, juu ya Antaktika ozoni itarudi ilivyokuwa 1980 kufikia mwaka 2066 hivi. Mimi sitakuwepo. Wewe kijana uliyesimama kule mlangoni, mwenye shati la kijani, utakuwepo, utakuwa mzee kama mimi, na magoti yatakuwa yanakuuma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Tangu 2017, kwa hofu ya zile nyufa, hakuna mtu anayelala Halley majira ya baridi. Wanakuja miezi ya joto, wanafanya kazi, Februari wanafunga milango na kuondoka. Lakini daftari halikukatwa. Waliacha mtambo mdogo wa umeme unaojiendesha peke yake, na vipimo vinavyojiendesha, kikiwemo kile cha Dobson, siku hizi kina mota ya kukizungushia kitasa. Jua lilirudi pale mwezi Agosti. Kwa hiyo hivi ninavyosema nanyi, ile nyumba nyekundu na buluu imesimama kwenye theluji bila mtu, taa zimezimwa, na sanduku linageuka polepole kulifuata jua, linasoma, linaandika.

Pale uani tumeweka mashine ya kunyonya gesi na mitungi miwili mitupu, na kuna friza kuukuu ya R12 ambayo nimeitafuta wiki mbili nzima mpaka nikaipata kwa mama mmoja wa Likoni. Anayetaka kuishika mashine kwa mara ya kwanza aje mbele. Mitungi tutaipima uzito kabla na baada, na tutaandika. Kalamu ninazo. Lakini kwanza chai, inapoa.